Hakuna fomula ya kulishinda dubwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie biashara iliyoshika kasi hapa Mwanza, nayo si ya mashine za kubahatisha zenyewe bali ya maelekezo ya namna ya kuzishinda. Vijana wa Igoma, Mabatini na Kirumba wanatumiwa kwenye simu zao ujumbe unaowaahidi "fomula" ya dubwi, yaani mashine ya mtaani ya kubahatisha kwa kutumbukiza sarafu, au orodha ya karata za kushika katika mashine za poka zilizomo kwenye kasino na simuni, na wanatakiwa kutanguliza fedha kabla ya kuunganishwa kwenye kundi la wanaojua. Bei niliyoonyeshwa ni shilingi elfu kumi. Mimi nimefundisha hisabati katika shule za sekondari za mkoa huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kwa kuwa wengi wanaoniuliza kama mambo hayo ni ya kweli ni watu waliowahi kukaa darasani kwangu, nimeona afadhali niwajibu wote kwa pamoja kupitia gazeti lako.

Jibu langu lina sehemu mbili, na naomba zisitenganishwe. Ipo mashine ambayo mtu anaweza kuicheza vizuri au vibaya, na tofauti hiyo ikaonekana mfukoni mwake. Hiyo ni poka ya video. Dubwi la mtaani halimo katika kundi hilo. Wauzaji wa mbinu huuchukua ukweli wa mashine ya kwanza, ambao ni mdogo na una masharti mengi, wakaupaka kwenye ya pili, na mnunuzi asiyezijua zote mbili hawezi kuona pale rangi ilipoishia.

Nianze na huo ukweli mdogo. Poka ya video ilienea Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na kampuni ya Si Redd, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la IGT, ndiyo iliyoisambaza kwa wingi katika kasino za Nevada. Mchezaji hupewa karata tano kutoka katika seti ya karata 52, huchagua zipi azishike na zipi azitupe, hupewa nyingine badala ya alizotupa, kisha hulipwa kwa kufuata ubao wa malipo ulioandikwa palepale kwenye kioo. Kanuni za Nevada zinataka mashine inayoonyesha karata itoe kila karata kwa uwezekano uleule ambao karata halisi ingetoka. Kwa hiyo hakuna kinachofichwa: mikono, yaani mafungu ya karata tano yanayoweza kutokea, ni 2,598,960, kila mkono una njia 32 za kuamua cha kushika, na ubao wa malipo unasomeka. Mwenye kompyuta anaweza kukokotoa njia iliyo bora kwa kila mkono, na kazi hiyo ilishafanywa zamani.

Katika toleo la msingi la mchezo huo, ambalo malipo huanzia kwenye jozi ya ghulamu, yaani karata zenye herufi J, mtu anayejua hutazama mistari miwili tu ya ubao kabla ya kukaa. Wa kwanza ni malipo ya karata tatu za namba moja zikiambatana na jozi. Wa pili ni malipo ya karata tano za alama moja, kama kopa tupu au shupaza tupu. Ubao unaolipa mara 9 ya dau kwa mkono wa kwanza na mara 6 kwa wa pili humrudishia mchezaji asiyekosea hata mara moja asilimia 99.54 ya fedha anazoweka, kwa wastani wa muda mrefu. Ukilipa 8 na 5, marejesho hushuka hadi asilimia 97.30. Ukilipa 6 na 5, yanabaki karibu asilimia 95. Mashine hizo tatu zinaweza kusimama ukutani zikiwa zinafanana kwa rangi, jina na muziki.

Tofauti hizo zinaonekana ndogo mpaka mtu azigeuze kuwa shilingi. Mchezaji anayeweka shilingi 1,000 kwa kila mkono, akicheza mikono 400 kwa saa, mwendo ambao si wa kasi kwa aliyezoea, amepitisha shilingi 400,000 ndani ya mashine kwa saa hiyo moja, hata kama aliingia na 50,000 tu, kwa sababu fedha ileile huingia, hurudi pungufu kidogo, na kuingia tena. Kwenye ubao wa kwanza saa hiyo itamgharimu kwa wastani shilingi 1,840. Kwenye ubao wa tatu itamgharimu 20,000. Kuusoma ubao kabla ya kukaa ndiyo mbinu yenye faida kubwa kuliko nyingine zote katika mchezo huu, nayo haiuzwi na mtu, kwa kuwa ubao uko wazi kwa kila anayepita.

Mbinu nyingine zilizobaki ni za kushika karata, na nitataja chache ili msomaji aone zilivyo za kawaida. Mwenye jozi ya saba na ree, yaani karata yenye herufi A, pembeni aishike jozi peke yake na kuitupa ree, ingawa macho yanamwambia ree ni kubwa, kwa sababu karata tatu mpya humpa nafasi nyingi zaidi ya kupata saba ya tatu kuliko karata mbili. Mwenye jozi ya malkia asiivunje eti kwa kuwa karata zake nne ni kopa. Lakini mwenye jozi ya tano, huku karata zake nne zikiwa za alama moja, aivunje. Mwenye karata nne kati ya kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree za alama moja atupe hata jozi ambayo tayari inamlipa. Mambo ndiyo hayo. Mtu makini anaweza kuyakariri kwa juma moja, na atakapoyakariri atakuwa ameipunguza hasara yake. Hatakuwa ameigeuza kuwa kipato.

Tena hiyo asilimia 99.54 ina shimo ndani yake ambalo wauzaji wa mbinu hawalitaji. Karibu asilimia 2 nzima ya marejesho hayo hutokana na mkono mmoja tu, ule wa kumi hadi ree za alama moja, ambao kwa mchezaji mzuri hutokea kwa wastani mara moja katika mikono kama 40,000. Kwa mwendo niliotumia hapo juu, hizo ni saa mia moja za kukaa kitini. Na ili ulipwe kikamilifu unapofika, mashine hizo kwa kawaida hutaka uwe umeweka sarafu tano: aliyeweka tano hulipwa sarafu 4,000, aliyeweka moja hulipwa sarafu 250 tu. Mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuimaliza akiba yake mara kadhaa kabla mkono huo haujamfikia, huku akiwa amecheza bila kosa hata moja.

Haki inanitaka niseme pia kwamba zimekuwapo mashine zilizorudisha zaidi ya asilimia mia. Aina moja, ambayo karata za mbili huweza kusimama badala ya karata yoyote, katika ubao wake bora hurudisha asilimia 100.76 kwa mchezaji asiyekosea, na wapo watu wa Las Vegas walioishi kwa hilo. Kasino ziliweza kuvumilia kwa sababu wachezaji wengi hukosea, na makosa ya wengi yalilipia ustadi wa wachache. Bao hizo zimepungua sana. Anayewaonyesha vijana wetu picha za watu hao kama ushahidi aanze kwanza kuwaonyesha mashine yenye ubao huo hapa Mwanza.

Sasa nije kwenye dubwi, ambalo ndilo linalowala watu wengi zaidi. Mchezaji hutumbukiza sarafu ya shilingi 200, hubonyeza picha ya tunda au alama anayoitaka, taa huzunguka na kusimama, na akipata huulizwa kama anataka kuongeza kwa kubahatisha kubwa au ndogo. Hapa hakuna seti ya karata 52 ambayo mtu anaweza kuihesabu. Picha zilizopangwa kwenye duara hilo la taa humfanya mtu adhani kila moja ina nafasi sawa na jirani yake, jambo ambalo programu hailazimiki kulifuata. Hilo si jipya. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, nchini Marekani kwa mfumo ambao kompyuta ya mashine huchagua kwanza namba nasibu, yaani ya kubahatisha, kutoka katika orodha ndefu kuliko idadi ya picha zinazoonekana, kisha huisimamisha picha inayolingana na namba hiyo. Picha yenye malipo makubwa inaweza kupewa namba chache na ya malipo madogo ikapewa nyingi, nawe mbele ya kioo huoni tofauti. Isitoshe, watengenezaji huuza mchezo uleule katika matoleo yenye marejesho tofauti, kwa hiyo hata anayedai amelichunguza dubwi la Buzuruga hajapata lolote la kumwambia mtu wa Nyegezi.

Pamoja na hayo yote, imani zimejaa. Husemwa kwamba mashine iliyo karibu na mlango hulipa zaidi, kwamba sarafu iliyopashwa moto huichanganya, kwamba mwisho wa mwezi hulegezwa. Haya nayapita, kwa kuwa mtu akiyajaribu mara nyingi kwa kuandika matokeo kwenye daftari yatajifuta yenyewe. Imani ngumu zaidi ni ile ya shibe: kwamba dubwi lililokula sana tangu asubuhi limeshiba, na sasa lazima liteme. Kwa ajili ya imani hiyo nimeona watu wazima wakikaa pembeni saa nzima wakihesabu sarafu za wenzao zinavyomezwa, ili wao waingie pale wanapodhani shibe imefika.

Mashine inayotumia namba nasibu haina kumbukumbu ya mchezo uliopita. Jioni ya tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti, mchezo wa gurudumu lenye vyumba vyekundu na vyeusi, uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na waliokuwapo walipoteza fedha nyingi mno kwa kuwekea nyekundu, kila mmoja akiamini kwamba sasa zamu ya nyekundu imewadia. Gurudumu halikuwa na zamu. Najua yupo atakayenijibu kwamba zipo mashine zinazojirekebisha, na ni kweli. Mashine nyingi za baa za Uingereza zimetengenezwa hivyo, ili marejesho yake yaisogelee asilimia iliyopangwa. Lakini asilimia hiyo ni ya mashine, si ya mchezaji. Haimjui aliyeliwa asubuhi wala haimtafuti ili imfidie, na bado jumla inayotoka imepangwa kuwa ndogo kuliko jumla iliyoingia, kwa hiyo hata wachezaji wote wa siku wakijumlishwa pamoja wanabaki na hasara.

Nadhani ninajua kwa nini imani ya shibe imekita zaidi huku kwetu ufukweni kuliko kwingine. Mvuvi wa dagaa wa Igombe, Kayenze au Ukerewe anaishi kwa kusoma dalili ambazo ni za kweli. Anajua kwamba wakati wa giza taa zake zitawavuta dagaa, na kwamba mbalamwezi ikikomaa mavuno yatapungua, kwa hiyo husubiri. Na kusubiri kwake kunalipa, maana mwezi una mzunguko na ziwa linaufuata. Anaposhuka na mgawo wake wakati kambi imelala, hukaa mbele ya dubwi akiwa na akili ileile ya kusoma nyakati, akilitazama kama alivyolitazama ziwa. Lakini ndani ya dubwi hakuna mwezi. Wala si ujinga wake, na sipendi tunavyowasema vibaya watu hawa. Ni maarifa mazuri yaliyopelekwa mahali ambapo hayana kazi. Kwa bahati mbaya, siku hizo za mbalamwezi ndizo siku ambazo ana fedha mkononi na hana safari ya usiku.

Muuzaji wa fomula anaijua akili hiyo. Maelekezo aliyonionyesha kijana mmoja yalisema: andika picha kumi zilizopita, ukiona tunda fulani halijatokea, liwekee, na ukikosa ongeza mara mbili mpaka lipatikane. Sehemu ya kwanza ni shibe ileile iliyovalishwa daftari. Sehemu ya pili ni ya zamani kuliko mashine zenyewe, na inahitaji hesabu ya kidato cha pili tu. Anza na shilingi 200, ukikosa weka 400, kisha 800, 1,600, na kuendelea. Ukikosa mara nane mfululizo umekwisha toa shilingi 51,000, na dau la tisa ni 51,200. Ukikosa mara kumi umetoa 204,600. Na hata kwenye picha inayolipa mara mbili ya dau, ukipata mwishoni, faida ya safari nzima ni shilingi 200. Mtu atacheza hivyo siku nyingi akitoka na vijishilingi, atawasimulia wenzake, ataaminika, kisha siku moja ataliwa fedha ya mwezi mzima kwa nusu saa. Ushuhuda wa zile siku nyingi ndio unaorushwa kwenye makundi ya simu. Ule wa siku moja hausimuliwi na mtu.

Kuna jambo jingine linaloipa fomula uhai hata inaposhindwa. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwa njiwa kwamba mnyama anayepewa punje kwa mpangilio asioweza kuutabiri hudonoa kwa bidii na kwa muda mrefu zaidi, hata punje zinapokoma, kuliko anayepewa kwa utaratibu unaojulikana. Dubwi hulipa hivyohivyo. Fomula yoyote, hata iliyotungwa leo asubuhi, itapatana na malipo mara kadhaa, na mara hizo ndizo zitakazokumbukwa.

Je, hakuna aliyewahi kuzishinda mashine hizi kwa siri? Wapo, na habari zao ziko kwenye kumbukumbu za umma. Ron Harris alikuwa mtaalamu wa Bodi ya Udhibiti wa Kamari ya Nevada, mwenye kazi ya kukagua programu za mashine. Alizichezea programu zenyewe, akanaswa mwaka 1995 baada ya mshirika wake kushinda mchezo wa keno, ambao ni wa kubahatisha namba, huko Atlantic City, na akafungwa. John Kane na Andre Nestor waligundua mwaka 2009 kasoro katika mashine za poka za video aina ya Game King iliyowawezesha kulipwa kwa dau kubwa kuliko walilocheza. Walikamatwa, na ingawa mashtaka ya shirikisho yalifutwa mwaka 2013, kasoro hiyo ilijulikana na kurekebishwa. Hawa walizishinda mashine kwa kuingia ndani ya programu au kwa kuangukia kosa la mtengenezaji. Hakuna hata mmoja aliyeshinda kwa kuhesabu matunda yaliyopita.

Sasa ninachokiomba. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ndiyo yenye mamlaka ya kutoa leseni na kuzisimamia mashine hizi. Sijaandika ili kuiomba izifunge. Wapo wengine wanaolisemea hilo, nao wana hoja zao. Naomba kitu kidogo zaidi. Katika mashine nilizozitazama Igoma na Kirumba, sikuona hata moja iliyobandikwa maandishi ya Kiswahili yanayosema inarudisha asilimia ngapi ya kinachoingia. Mchezaji wa poka ya video ana angalau ubao wa malipo na karata 52 anazoweza kuzihesabu. Mchezaji wa dubwi hana chochote, na pengo hilo ndilo linalojazwa na muuzaji wa fomula. Asilimia hiyo ikibandikwa kando ya tundu la sarafu, kwa herufi zinazosomeka, pamoja na hesabu fupi ya hasara ya wastani kwa kila sarafu mia moja za shilingi 200, mtu atakayenunua mbinu atakuwa ameinunua akijua anashindana na nini.

Ninaomba pia maofisa wa serikali za mitaa na jeshi la polisi wa kata zetu waache kuichukulia biashara ya fomula kama utani wa vijana. Kumwahidi mtu ushindi ambao unajua haupo, ukapokea fedha yake kwa ahadi hiyo, ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, na Kanuni ya Adhabu imelitaja kosa hilo siku nyingi. Aliyelipa asione haya kuripoti. Ujumbe wa muamala uliobaki kwenye simu yake una jina la aliyepokea, tarehe na kiasi, na ni vyema asiufute kabla hajafika kituoni.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Hisabati,
Nyegezi, Mwanza.